Ibn al-Haytham: Bwana wa Nuru, na Picha za Majumba Yasiyojengwa

Siku hizi katika miji yetu jumba husimama mara mbili. Kwanza husimama katika picha, juu ya ubao mkubwa uliowekwa kando ya barabara: ghorofa zimepangana, vioo vinameta, miti imestawi, na watoto wanacheza uani. Baadaye, Mwenyezi Mungu akijaalia, husimama kwa mawe, chuma na saruji. Picha ile ya kwanza haikupigwa kwa kamera, maana hapakuwa na kitu cha kupigwa. Ilitengenezwa na fundi aliyeketi mbele ya kompyuta, akaiamuru ihesabu jua litaangukia wapi, kivuli kitalala upande gani, na kioo kitarudisha sura ya nini.

Huko Nairobi kazi hii ni riziki ya watu. Wako wanaoifanya katika ofisi za wasanifu wa majengo, na yaweza kufanywa vilevile katika chumba kimoja cha mabati huko Kibera au Kawangware, madhali pana kompyuta, stima na subira. Mafundi wake hawachoki kujadiliana: chombo gani ni bora, kipi chepesi, kipi ghali, kipi chatoa picha inayoshabihi kweli. Mjadala huo waonekana kuwa mpya kabisa, lakini swali lililo chini yake ni kongwe: nuru hufikaje machoni, na jicho huaminije kile linachokiona? Aliyelishughulikia swali hilo kwa hesabu na majaribio kuliko wote waliomtangulia ni Mwislamu mmoja aliyezaliwa Basra na kufariki Kairo. Maisha yake yana funzo kwa kila achoraye jumba ambalo bado halijajengwa.

MZALIWA WA BASRA

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia, katika mji wa Basra, Iraki, ile bandari ambayo tende zake zilikuwa zikifika Lamu, Mombasa na Unguja kwa majahazi ya kaskazi. Wazungu walilipotoa jina la al-Hasan wakamwita Alhazen, na kwa jina hilo alijulikana Ulaya kwa karne nyingi.

Alikulia katika zama ambazo elimu ilitafutwa kama lulu. Vitabu vya Wayunani wakubwa, kama vile Euclid na Ptolemy, vilikuwa vimekwisha fasiriwa kwa Kiarabu, na wanachuoni wa Iraki walikuwa wakivisoma na kuvihakiki. Yeye alizama katika hisabati, falaki, na elimu ya macho na nuru. Vitabu na risala zake zilizotajwa na wanahistoria zapita 90, na zaidi ya 50 zimesalia hadi leo. Miongoni mwake imo risala ya kutafuta mwelekeo wa kibla kwa hesabu, jambo ambalo tutalirudia.

AHADI JUU YA MTO NILI

Sifa zake zilivuka mipaka zikafika Misri, ambako Khalifa wa Kifatimi, al-Hakim bi-Amrillah, alikuwa akitawala tangu mwaka 996. Al-Hakim alikuwa mtu wa sura mbili. Aliipenda elimu, na mwaka 1005 alifungua mjini Kairo nyumba ya elimu, Dar al-Ilm. Lakini alikuwa pia na ghadhabu isiyojulikana itawaka lini, na wakubwa kadhaa wa serikali yake waliuawa kwa amri yake.

Mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, ameeleza kisa chenyewe. Ibn al-Haytham, angali mbali na Misri, alitamka kwamba lau angekuwa huko angeufanyia mto Nili kazi ya kuwafaa watu wakati wa kujaa na wakati wa kupwa. Ilikuwa ahadi ya mtu aliyeuona mto kwa akili tu, hajausimamia ukingoni. Khalifa alipopata habari alimpelekea mali kwa siri na kumwalika, na alipowasili Khalifa mwenyewe alitoka nje ya mji kumlaki. Akamwacha apumzike, kisha akamtaka atimize neno lake.

Basi Ibn al-Haytham akafunga safari pamoja na mafundi na vibarua, wakaupanda mto hadi mahali paitwapo al-Janadil, kusini ya Aswan, ambapo maji hushuka kutoka juu. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyopimwa na kuchongwa kwa ustadi wa kustaajabisha. Hapo shaka ikaanza kumwingia. Watu waliojua hesabu na ujenzi kiasi hicho, lau kazi ile ingewezekana, wangekwisha ifanya wao. Alipofika al-Janadil akapakagua pande zote mbili za mto, akaona mahali penyewe hapaafikiani na picha aliyokuwa nayo kichwani. Akarudi Kairo na haya usoni, akamkiri Khalifa kwamba jambo haliwezekani.

Yafaa tutue hapa kidogo. Mtu huyu hakuwa laghai. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni kutoa picha kabla ya kukanyaga mahali. Na ukubwa wake ni kwamba alipopakanyaga aliikubali ardhi imsahihishe, ingawa kukiri mbele ya mtawala kama yule kungeweza kumgharimu kichwa. Boma la kwanza kubwa la Aswan lilimalizika mwaka 1902, na lile kuu zaidi likajengwa kati ya 1960 na 1970, kwa mashine na chuma ambavyo karne ya kumi na moja haikuwa navyo.

PICHA NI AHADI

Funzo hilo linaigusa Kibera moja kwa moja. Mtaa huo asili yake ni makazi ya Wanubi, Waislamu wa asili ya Sudani waliokuwa askari katika jeshi la Waingereza na kupewa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wao walipaita Kibra, maana yake msitu. Iliwabidi wangoje hadi mwaka 2017 kupata hati ya ekari 288 za ardhi hiyo. Watu wa namna hiyo wanajua vizuri tofauti ya karatasi na kitu chenyewe.

Mwaka 2004 serikali ya Kenya pamoja na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, walianza mradi wa kuboresha nyumba za Kibera, sehemu ya Soweto Mashariki. Mwaka 2009 familia za kwanza zilihamishiwa majengo ya muda huko Lang'ata ili kupisha ujenzi. Nyumba 822 zilikabidhiwa wenyewe mwaka 2016. Kati ya tangazo na ufunguo ilipita miaka 12. Mtu anayelala na aila yake katika chumba cha futi 12 kwa 12 haitazami picha ya nyumba mpya kama pambo la ukutani. Huitazama kama ahadi, akahesabu madirisha, akatafuta jiko liko wapi na maji yatatoka wapi.

Kawangware nako hali si mbali na hiyo. Mtaa huo umepakana na Lavington, makazi ya wenye uwezo, na magorofa ya kukodisha yanazidi kupanda pande zote mbili. Mtu hulipa arubuni ya nyumba kwa kuonyeshwa picha tu. Fundi akiongeza miti ambayo haitapandwa, akaliondoa jengo la jirani linaloziba dirisha, au akatumia mtazamo mpana unaokifanya chumba kidogo kionekane ukumbi, atakuwa ameahidi boma la Nili bila ya kufika al-Janadil. Tofauti ni kwamba Ibn al-Haytham aliirudisha ahadi yake mwenyewe, na mwenye picha ya uongo huwaachia wengine kuilipa.

WAZIMU WA KUJISITIRI

Tukirudi Kairo, Khalifa hakumdhuru papo hapo. Alimpa kazi ya serikali, naye akaishika kwa hofu kuliko kwa mapenzi. Kwa kumwogopa mtawala yule, kama asimuliavyo Ibn al-Qifti, akajifanya mwenda wazimu. Mali yake ikatiwa mkononi mwa serikali, akawekewa waangalizi, na yeye akafungiwa nyumbani. Hali hiyo ikaendelea mpaka mwaka 411 Hijria, yaani 1021, al-Hakim alipotoka usiku kwenda vilimani nje ya mji asirudi tena. Hapo Ibn al-Haytham akaidhihirisha akili yake, akahamia karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar, na katika miaka iliyofuata akakiandika kitabu kilicholidumisha jina lake, Kitab al-Manazir, yaani kitabu cha mambo yaonekanayo, chenye sehemu saba.

Kabla yake, Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham aliigeuza njia hiyo. Alionyesha kwamba kila nukta ya kitu chenye nuru huitoa nuru hiyo pande zote kwa mistari iliyonyooka, na sehemu ndogo ya nuru hiyo huingia jichoni. Ushahidi mmoja ni wa kila mtu: ukilikazia macho jua, jicho huumia, jambo linaloonyesha kwamba kuna kinachoingia.

Hakutosheka na hoja. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu moja la kuingilia chumba chenye giza. Ukutani mle ndani zikaonekana alama za nuru, idadi yake sawa na idadi ya taa. Alipoifunika taa moja, alama yake peke yake ikatoweka, na nyingine zikabaki zilivyokuwa. Basi miale ya taa mbalimbali hupishana tunduni bila ya kuchanganyikana. Fundi wa leo anayewasha taa tano katika mchoro wa sebule, kisha akazima moja kuona nyingine zimefanya nini, analirudia jaribio lile lile.

CHOMBO GANI?

Hapa ndipo elimu ya Kairo inapokutana na mjadala wa vijana wa Nairobi. Vyombo vya kutengenezea picha za majumba, ukiviangalia kwa ndani, ni vya namna mbili. Namna ya kwanza huufuata mwale mmoja mmoja, uanguke sakafuni, urudi ukutani, upenye kioo, mpaka ufike kwenye chanzo cha nuru. Hivyo ndivyo inavyofanya Cycles, iliyoingizwa katika programu ya Blender mwaka 2011, na V-Ray, inayotoka Bulgaria. Namna ya pili hukisia, kama ifanyavyo michezo ya kompyuta, ikapata sura inayokaribia kweli kwa muda mfupi sana. Hivyo ndivyo ilivyoanza Eevee, iliyotoka katika Blender mwaka 2019.

Na kuna ajabu moja. Ile namna ya kwanza huanzia jichoni, ikautuma mwale kutoka mahali anaposimama mtazamaji kuelekea kwenye kitu, kama walivyodhani Wayunani! Sababu ni uchumi, wala si itikadi. Taa humwaga miale isiyo na hesabu, na iliyo mingi haifiki kamwe kwa mtazamaji; kuihesabu yote ni kupoteza muda. Kwa kuwa njia ya nuru ni ile ile ukienda au ukirudi, kompyuta huanzia mwisho ikarudi mwanzo. Ibn al-Haytham amebaki na haki yake kuhusu maumbile, na Wayunani wamepata njia ya mkato ya hesabu.

Uchaguzi wa chombo, basi, ni uchaguzi wa nini cha kulipia. Picha inayofuata miale huanza na chembechembe kama mchanga, kwa sababu miale iliyotumwa ni michache. Ili kupunguza mchanga huo nusu, hupasa kuongeza miale mara nne. Tuseme miale 100 kwa kila nukta ya picha yahitaji dakika 10. Kuupata usafi maradufu kutataka miale 400 na dakika 40, na maradufu tena miale 1,600 na saa mbili na dakika 40. Zipo njia za kuifuta michanga hiyo mwishoni, lakini zikitumiwa kwa pupa hufuta pia nyuzi za zulia na mistari ya mbao. Anayenunua stima kwa vijisehemu, tena anayejua kwamba yaweza kukatika kabla kazi haijaisha, hana budi kuipiga hesabu hiyo kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo mwenye kompyuta dhaifu hufanya vizuri kutumia namna ya haraka wakati wa kuijaribu rangi, samani na pembe ya kutazamia, kisha akaitia namna ya miale kwenye picha mbili tatu za mwisho tu. Blender ni ya bure, na tangu mwaka 2002 maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote; V-Ray hutozwa ada. Ada hiyo yaweza kuwa na faida kwa ofisi yenye wateja wa kudumu, na ikawa mzigo kwa anayeanza.

MAMBO 22 YA JICHO

Lakini chombo hakimwokoi fundi asiyejua kutazama. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake, Ibn al-Haytham aliorodhesha mambo 22 ambayo jicho huyatambua: nuru, rangi, umbali, mkao, unene, umbo, ukubwa, kutengana, kuungana, idadi, mwendo, utulivu, ukwaruzo, ulaini, kupenya nuru, kuzuia nuru, kivuli, giza, uzuri, ubaya, kufanana na kutofautiana. Fundi yeyote akiisoma orodha hiyo atatabasamu, maana ukwaruzo, ulaini na kupenya nuru ndivyo vipimo anavyovirekebisha kila siku katika programu yake ili bati lionekane bati na kioo kionekane kioo.

Sehemu ya tatu ya kitabu ilihusu makosa ya jicho. Alieleza kwamba jicho hukosea pale nuru inapozidi au kupungua mno, umbali unapokuwa mkubwa au mdogo mno, au muda wa kutazama unapokuwa mfupi. Mambo hayo hayo ndiyo ambayo mchoraji mdanganyifu huyatumia kwa makusudi, na ndiyo ambayo mchoraji mwaminifu hujihadhari nayo.

Kisha liko suala la jua, ambalo linatuhusu sisi wa pwani pia. Programu nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani, na fundi asipotaja mahali, jengo la Kawangware laweza kupata jua la nchi za baridi, linalopita upande wa kusini tu. Nairobi iko digrii moja na robo kusini ya ikweta. Adhuhuri ya Juni jua lake huwa kaskazini, kiasi cha digrii 25 kutoka utosini. Adhuhuri ya Desemba huwa kusini, kiasi cha digrii 22. Kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua nusu ya mwaka, na la kusini nusu nyingine. Chukua mfano wa msikiti wa Mombasa, ambako kibla huelekea karibu kaskazini kamili. Mwezi Juni jua la adhuhuri huupiga ukuta wa kibla kwa nje. Mwezi Desemba huupiga ukuta ulio kinyume chake. Picha isiyoonyesha hivyo ni picha ya msikiti wa nchi nyingine.

RIZIKI YA MKONO

Baada ya kuondokewa na al-Hakim, Ibn al-Haytham hakurudi kwenye milango ya watawala. Imesimuliwa kwamba kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vya hisabati na falaki, kikiwamo cha Euclid na Almagest ya Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150 za Misri. Bei hiyo ilikuwa inajulikana, haina mapatano, na ilimtosha kwa mwaka mzima. Wachoraji wetu, ambao mara nyingi hushushiwa bei mpaka mwisho kazi ikawa ya bure, wana la kuiga hapo: juu ya kazi safi, bei ya haki isiyotikisika, na matumizi yasiyozidi kipato.

Alifariki Kairo karibu na mwaka 1040. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa na Roger Bacon wa Uingereza na Kepler wa Ujerumani, na Ghiberti, mchongaji wa Florence, akakitegemea katika maandishi yake juu ya sanaa. Kilipigwa chapa huko Basel mwaka 1572. Katika ulimwengu wa Kiislamu, Kamal al-Din al-Farisi alikisherehesha mwanzoni mwa karne ya kumi na nne. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliuadhimisha mwaka wa nuru, na UNESCO ikatumia fursa hiyo kumkumbuka.

Kuna kitabu chake kingine, cha kumtilia shaka Ptolemy, ambamo alifundisha kwamba mtafuta haki asiwadhanie wema tu waliomtangulia, bali asimame kama mpinzani wa kila anachokisoma, tena aitilie shaka hata nafsi yake. Mto Nili ulimfunza hayo kabla hajayaandika. Kijana wa Kibera au Kawangware anayemaliza picha yake usiku, kabla ya kumpelekea mteja, na aisimamie kwa dakika chache kama mpinzani wake: jua hili ni la hapa? Ukuta wa jirani uko wapi? Mti huu nani ataupanda? Akiyajibu hayo kwa kweli, chombo chochote alichokichagua kitakuwa kimemtosha.